Jicho Jekundu la Siku za Tika

Sogeeni, wenzangu wa Kafalbot, na ninyi wa mitaa ya jirani mnaodhani haya hayawahusu. Ni habari ya nyumba ya Purna, aliyekuwa fundi umeme wa kata yetu, na mkewe Dilmaya, na binti yao Junu wa miaka saba. Wengi wenu mnaijua nyumba hiyo, na wengine mlikula nyama ya mbuzi humo. Lakini kila mtu aliona kipande chake, akaenda kukisimulia bombani kana kwamba ndiyo habari nzima.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Mvua zilikuwa zimekatika, mlima Machhapuchhre umechomoza mweupe nyuma ya mapaa ya bati, na watu walikuwa wanakandika kuta upya kwa ajili ya Dashain, sikukuu yetu kubwa ya baraka za wazee. Purna alikaa kizingitini na kikombe chake cha chai. Mbele yake, chini ya nguzo ya taa, wasichana wanne walikuwa wanacheza harusi, na bibi harusi alikuwa Junu.

"Tulia," mmoja alimwambia. "Bibi harusi hacheki. Bibi harusi analia, anaondoka kwao."

"Mimi siondoki. Huyo bwana harusi atahamia kwetu, achote maji."

Purna akacheka mpaka chai ikamwagikia gotini.

Kipodozi chao kilikuwa vipepeo weupe, wale wa usiku wenye manyoya mwilini. Walikuwa wamelala chini ya nguzo marundo kwa marundo kama pamba iliyopasuka gunia. Wasichana waliwashika, wakasugua mabawa kwa vidole, na ule unga wake unaometameta wakampaka Junu kwenye kope, huku na huku, hadi akawa kweli kama mtu wa kuolewa.

Dilmaya alitoka na ufagio. "Hebu acheni hao wadudu. Wanawasha."

"Waache watoto, mama Junu," Purna alisema. "Ni kipepeo tu, si nyoka."

Neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Alilisema akiwa ameshiba chai, na angetoa vidole vyake vyote ili alirudishe kinywani.

Sasa niwaambie wale vipepeo walitoka wapi, maana wapo wanaosema ni mapenzi ya miungu. Zamani mtaa wetu ulikuwa na balbu za manjano, hafifu, na hao weupe walibaki huko juu kwenye misitu. Wiki mbili kabla ya Dashain, mwenyekiti wa kata, bwana Khemraj, alituletea taa kumi na mbili kali, nyeupe, za kukufanya uone kivuli chako jioni kama mchana. Uchaguzi ulikuwa karibu. Purna ndiye aliyepanda ngazi akazifunga moja baada ya nyingine. Jioni ya kwanza vipepeo walishuka kama walioitwa kwa majina.

Goma, mama mshonaji wa nyumba ya pili, alikwenda ofisini kulalamika. "Mwenyekiti, wadudu wanaingia mpaka kwenye wali. Taa hizi zipunguzwe."

"Dada Goma," Khemraj alimjibu mbele ya watu, "ukitaka giza, basi la kwenda kijijini kwenu linaondoka saa mbili. Hapa ni mjini."

Watu walicheka. Purna pia alicheka, kwa kuwa ndiye aliyezifunga, na sifa kidogo ilikuwa yake.

Ikafika siku ya kumi ya Dashain, siku ya tika. Familia nzima ilikusanyika kwa Keshar, kaka mkubwa wa Purna, askari mstaafu ambaye hata kupiga chafya hupiga kwa ratiba. Redio ilikuwa imetangaza saa ya baraka: saa tano na dakika tatu. Ilipofika, Keshar akachota kwa vidole vitatu ule mchanganyiko wa mchele, mtindi na unga mwekundu tuuitao tika, akaubandika kwenye paji la uso la kila mmoja kwa zamu. Kwa Junu alibandika kubwa, maana anampenda. Mtindi ukachuruzika, ukapita kwenye nyusi, ukashuka.

Jioni jicho la kushoto la Junu lilikuwa jekundu.

"Tika imemwingia," alisema Keshar.

"Tika hiyo," alisema mke wa Keshar.

"Kila mwaka lazima mmoja imwingie," alisema shangazi. Wakamnawisha kwa maji ya vuguvugu, wakaendelea kula.

Hebu niambieni, nani kati yetu asingesema hivyo? Siku hizo watoto wote wa mji ni wekundu usoni. Na mnajua sherehe haiishi siku moja. Kesho yake ni kwa wakwe, keshokutwa kwa mjomba, siku inayofuata kwa binamu ng'ambo ya ziwa, na kila nyumba inabandika tika mpya juu ya ile ya jana. Kila jioni jicho lilikuwa jekundu, na kila jioni kulikuwa na tika ya kusingizia.

"Linauma?" Purna aliuliza siku ya pili.

"Haliumi, baba."

"Basi litapoa."

Hilo ndilo lililotudanganya sote. Mtoto hakulia. Hakulisugua. Alikula, alirusha kishada, alibembea kwenye bembea ya mianzi. Sisi tumezoea kuusikiliza ugonjwa kwa kilio, na ugonjwa usiolia tunauacha mlangoni kama paka.

Dilmaya ndiye aliyekosa raha. Siku ya tatu alimnawisha Junu, akamkausha, akamtazama, akamnawisha tena. Akaenda jikoni, akarudi. Akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Baba Junu, mwaka jana tika ilimwingia mchana, jioni ikawa imekwisha. Hii siku ya tatu. Twende hospitali ya macho."

"Leo tunangojwa kwa mjomba."

"Mjomba ana macho mawili mazima, atatungoja."

Keshar alikuwapo, akaweka kikombe chini. "Shemeji, mtoto ana tika mbichi kwenye paji la uso, unampeleka mahali pa damu na vidonda? Huko ni kuirudisha baraka kwa mlango wa nyuma. Subirini mwezi upevuke, sherehe ifungwe, ndipo mwende."

Purna hakupenda kubishana na kaka yake wala na mkewe, akafanya anachofanya mtu asiyetaka kubishana: alimpigia simu mkubwa. Akamuuliza mwenyekiti kama hospitali ya macho iko wazi.

"Siku hizi?" Khemraj alisema. "Purna, daktari naye ana mama yake, naye anapokea tika. Kila kitu kimefungwa. Halafu sikiliza, taa ya karibu na kituo cha mabasi imezimika, wageni wanapita gizani, aibu gani hii. Njoo uitazame."

Khemraj hakujua kama hospitali ilikuwa wazi au imefungwa. Hakuwa ameuliza mtu. Alisema tu, kwa sauti ile ya watu waliozoea kusema na kuaminiwa. Na Purna akachukua ngazi yake, akaenda kutengeneza taa. Mimi nilimpeleka marehemu mke wangu kando ya mto Seti, tunakochomea wafu wetu, akiwa amefunikwa shuka, kwa sababu ya mlango mmoja wa ofisi ulioandikwa njoo kesho, kwa hiyo mkisikia nasema kwa ukali mnisamehe, au msinisamehe.

Siku ya tano, mchana, jua kali, Dilmaya alimpa Junu kikombe cha maziwa. Mkono wa mtoto ukapita kando ya kikombe, ukashika hewa. Junu akacheka, akajaribu tena, akakigonga kikaanguka.

Dilmaya hakumkemea. Alipiga magoti, akamfunika Junu jicho la kulia kwa kiganja.

"Naonyesha vidole vingapi?"

Junu akasema, "Mama, washa taa kwanza."

Dilmaya akamsogelea zaidi. Ndani ya ule wekundu, pale katikati panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maji ya mchele.

Hakumwuliza mtu ruhusa. Alimfunga mgongoni kwa shali, msichana mkubwa wa miaka saba miguu inaning'inia, akateremka barabarani akaisimamisha gari ya kwanza. Purna aliwakimbilia, viatu mkononi. Keshar aliita kutoka barazani kwamba wageni wanaingia, wageni wanaingia. Hakuna aliyegeuka.

Hospitali ilikuwa wazi. Muuguzi aliyewapokea alikuwa na tika kubwa kwenye paji la uso wake.

"Tuliambiwa mmefunga," Purna alisema.

"Nani kawaambia? Tunapokezana zamu. Hatujafunga hata siku moja."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Rejina. Alimulika jicho, akaligusa taratibu juu ya kope kwa ncha ya kidole, kisha akakaa.

"Lilianza lini?"

"Siku ya tika," Dilmaya alisema. "Tulidhani tika."

"Karibu wote wanasema hivyo. Kabla ya hapo aliwashika vipepeo weupe?"

Dilmaya akamtazama mumewe. Purna alikuwa anatazama ukuta. Ukutani palibandikwa karatasi ya bluu yenye picha ya kipepeo mweupe, na chini yake jicho la mtoto, nusu jekundu na katikati jeupe, na maneno makubwa: MSIMU HUU MZUIENI MTOTO ASIWAGUSE. JICHO LIKIWA JEKUNDU HATA BILA MAUMIVU, MLETE SIKU HIYOHIYO.

Aliijua karatasi hiyo. Alipokwenda kuchukua taa kwenye stoo ya kata, alikuta mzigo wa karatasi za bluu umefungwa kwa kamba, umekaa juu ya maboksi. Alimwuliza Khemraj aziweke wapi. "Weka pembeni, hizo si za sasa," Khemraj alisema. Purna akaziweka pembeni, akabeba taa. Anajua kusoma. Hakusoma.

"Tuliwapelekea kata zote," daktari alisema. "Uvimbe huu unaanzia ndani ya jicho na hauumi, unakula huku mtoto anacheza. Zamani daftari langu lilikuwa na majina ya vijiji vya milimani. Siku hizi naandika mitaa ya hapahapa mjini. Sitawadanganya kwamba tunajua kila kitu. Tunaona tu kwamba wengi wanaokuja hivi walicheza na hao wadudu, na kwamba anayekuja siku ya kwanza si sawa na anayekuja siku ya tano."

"Sasa huyu?" Dilmaya aliuliza.

"Huyu tutamhangaikia."

Walimhangaikia kweli. Walimchoma dawa ndani ya jicho siku hiyohiyo, kesho yake wakampasua, wiki ya pili wakampasua tena. Dilmaya alilala sakafuni kando ya kitanda. Purna hakuweza kukaa. Alitembea kutoka lango hadi duka la dawa, kutoka duka hadi lango, mpaka mlinzi akamwambia atamchakazia changarawe. Mwisho wekundu ukatoka. Jicho likatulia, likawa dogo kuliko mwenzake, kama limerudi nyuma kidogo kujificha. Halikuona mwanga tena.

Siku walipomrudisha nyumbani, Purna alikwenda ofisini kwa mwenyekiti kabla hajavua viatu.

"Karatasi za bluu," alisema.

"Karatasi gani? Aa, zile. Purna, ungetaka nibandike macho yaliyooza mji mzima siku za sikukuu? Watalii wamejaa. Nilipanga kuzitoa baada ya sikukuu ya Tihar."

"Baada ya Tihar baridi inaingia, vipepeo wanakufa."

"Basi mwaka ujao."

"Mwaka ujao wanakuwa wachache. Daktari anasema huja wengi mwaka mmoja, wa pili wanapumzika."

"Si ndiyo vizuri? Tuna muda." Khemraj akalegeza sauti. "Nimeumia kwa ajili ya mtoto. Lakini wewe ni mtu wetu. Nilikuwa nafikiria jina lako kwenye ajira ya kudumu. Mambo haya yakizungumzwa ovyo barabarani, mimi nitakutetea vipi?"

Purna akasema, "Mwenyekiti, niliposema ni kipepeo tu, nilikuwa sijui. Wewe onyo la hospitali lilikuwa limekufikia." Akaingia stoo, akabeba ule mzigo begani, akapita nao katikati ya makarani.

Jioni hiyo Dilmaya alichemsha unga wa ngano ukawa gundi, wakabandika karatasi nyumba kwa nyumba, na Purna akazima taa zote kumi na mbili. Kesho yake hakuwa fundi wa kata tena.

Msidhani mtaa ulimshukuru. "Kwa jicho la mtoto mmoja sote tukae gizani?" mtu alisema bombani, kwa sauti ya kusikika. Mwingine akasema mwizi akiingia kwake ataleta hesabu kwa Purna. Khemraj alileta fundi mwingine, taa zikawaka, na vipepeo wakarudi.

Ikaja Tihar, na siku yake ya mwisho, ambayo dada humpaka kaka yake tika na kumwombea maisha marefu. Goma mshonaji alikuwa ameandaa sinia: maua ya rangi ya machungwa, mafuta, kokwa za jozi za kupasua, vitamu. Kaka yake alikuwa njiani kutoka Butwal. Binti yake Pabi, wa miaka minne, alikuja kwa Junu kuonyesha gauni jipya.

Junu alimwinamia kwa upande, kama anavyofanya siku hizi ili aone vizuri. Akaita, "Baba, njoo umtazame Pabi."

Jicho la kulia la Pabi lilikuwa na wekundu mwembamba, kama uzi.

"Linauma, Pabi?" Junu aliuliza.

"Haliumi."

Purna alimbeba mtoto papo hapo, akampelekea mama yake. "Goma, vaa viatu."

Goma alitazama jicho, akatazama sinia. "Kaka Purna, labda ni moshi wa ubani. Ndugu yangu amebakiza saa moja tu. Huja mara moja kwa mwaka. Akikuta mlango umefungwa?"

"Atauliza, ataambiwa uko hospitali."

"Saa moja tu, kaka."

"Mimi nilikuwa na siku tano tu," Purna alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa na mjomba, nilikuwa na wakwe, nilikuwa na taa ya kituoni. Twende."

Goma akavua aproni yake ya kushonea. Waliondoka watano, pamoja na Dilmaya, na Junu ambaye alikataa kuachwa. Sinia ilibaki barazani, na kunguru walikula vitamu.

Daktari Rejina alimulika jicho la Pabi, akauliza lilianza lini, akaambiwa leo. Akafanya haraka. Baada ya wiki mbili Pabi alisimama mbele ya ubao wenye alama, jicho la kushoto limefunikwa, akazionyesha kwa kidole zote mpaka mstari wa chini, ule ambao hata Goma aliona ukungu. Goma alikaa chini sakafuni akalia kwa kwikwi. Wakacheka, wakampa maji.

Junu alikuwa amesimama pembeni ya ubao. Alimvuta baba yake mkono.

"Baba, Pabi alikuja siku ya ngapi?"

"Siku ya kwanza."

"Na mimi mlinileta ya ngapi?"

Dilmaya alitaka kusema kitu. Purna akamzuia kwa macho. Akachuchumaa, upande wa jicho linaloona.

"Ya tano."

"Tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunatembelea watu."

Junu akafikiri. "Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

Junu alikwenda akamshika Pabi mkono, wakatoka nje, na Purna akabaki amechuchumaa palepale mpaka muuguzi akamwomba ainuke ampishe mgonjwa mwingine.

FUNZO

Mtoto akiwa na jicho jekundu, usimwulize kama linauma. Mpeleke. Usingoje sherehe iishe, usingoje mgeni afike, usingoje mwezi upevuke. Baraka ya mzee haiharibiki kwa kupita mlango wa hospitali, na mzee anayesema inaharibika amependa desturi kuliko mjukuu. Msimu wa vipepeo weupe, fagieni asubuhi kabla watoto hawajaamka, na msiwaache wajipake.

Ninyi akina mama, moyo ukikataa kutulia siku ya tatu, usiutulize. Dilmaya alijua. Sisi wanaume ndio tuliokuwa na majibu.

Nanyi mliokalia viti. Onyo likiletwa mezani kwako si mali yako ulipangie tarehe. Ni la watoto wa watu. Usiseme kumefungwa kama hujaenda kutazama mlango. Nasi tuliowapa viti tuna dhambi yetu, kwa sababu Goma alipotaniwa tulicheka, na kucheka kule kulihesabika ni kura. Taa zile bado zinawaka. Mwaka huu vipepeo ni wachache, na mwenyekiti anasema mnaona, hakuna tatizo. Mwaka unaofuata watashuka. Karatasi ninazo arobaini na moja zilizobaki, ziko nyumbani kwangu kavu kabisa, na anayetaka ya kubandika mlangoni pake aje achukue leo.